Majina ya Mlangoni

Misikhu, Bungoma
3 Machi 2025

Mpendwa Mama Nduta,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini baridi ya Kitale haijakumaliza magoti. Sisi ni wazima. Mvua bado, watu wamelima na sasa kazi ni kuangalia juu tu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu kwangu siku hizi ni tochi. Sikio la kushoto lilikwenda mwaka juzi, la kulia likalifuata Desemba, na daktari akaniandikia kwenye karatasi kwamba hayatarudi. Mimi niliyekuwa naimba mpaka mabati yanaitika! Sasa Dinah akitaka kuniambia chai iko tayari ananiandikia kwenye daftari la jikoni. Mkaza mwana wangu huyo ana subira kuliko Ayubu.

Basi Jumamosi walileta ile filamu kanisani, hiyo mpwa wako Ngige aliyoitoa kwenye mchezo wetu. Nilivaa nguo yangu ya buluu, nikakaa kiti cha mbele kama bibi harusi. Kwenye kiwambo hakukuwa na maandishi, kwa hiyo niliangalia midomo tu, na midomo ya watu wa Nairobi haisomeki.

Niliyoyaona nitakwambia bila kuficha. Mlango ni mzuri. Shamba la Kiminini ni zuri. Binti aliyechukua nafasi yangu ni mzuri kupita kiasi, mama aliyepotelewa na mtoto hana nyusi kama zile. Lakini mwisho! Mama Nduta, yule binti aliufunga mlango. Mchezo wetu ulikwenda mara thelathini na moja, na hata siku moja mlango haukufungwa. Watu walirudi nyumbani wakiuacha wazi jukwaani, na hiyo ndiyo ilikuwa maana yake yote. Sasa Ngige kaufunga, na komeo juu.

Halafu kuna jambo moja linanisumbua. Walipofika kwenye wimbo wa majina, kabla ya mlango kufungwa, ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Hata pasta. Dinah alitoka nje na hakurudi. Nyumbani nikampa kalamu aniandikie kuna nini, akaandika "Hakuna, Mama", akaenda kukama ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamwa.

Wewe una masikio. Umeiona filamu na uliuona mchezo wetu tangu siku ya kwanza. Nilinganishie. Wamefanya nini na wimbo wangu?

Wako,
Nelima

---

Kitale
9 Machi 2025

Mwalimu wangu Nelima,

Barua yako nimeipata. Nimecheka kwa hizo nyusi, kisha nikasikitika kwa hayo masikio. Ungeniambia Desemba ningekuja.

Umeniomba nilinganishe, basi nalinganisha, na usinune.

Jukwaani tulikuwa na mlango wa jiko lako, ule wenye alama ya moto, na ilibidi mtu ausukume kwa nyuma usianguke. Unakumbuka Kiminini, upepo ulipoupiga ukaushika kwa bega ukaendelea kuimba? Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakalia. Kwenye filamu mlango umesimama peke yake katikati ya mabua ya mahindi, na kamera inapaa juu yake kama kipanga. Kwa macho, filamu imetushinda.

Kwa masikio, hapana. Yule binti ana sauti safi, lakini wewe ulikuwa unavuta pumzi kabla ya kuita jina, na ukumbi wote unaisikia hiyo pumzi, mtu anajishika kifua akijua ni zamu ya wake. Yeye havuti pumzi popote. Sijui wanaikata kwa mashine. Gita la marehemu Kibe wameliondoa, wameweka vinanda vingi. Na wale wa kuitikia "Mlango uko wazi" ni thelathini, wanaitika mara moja, pa! Kwetu siku zote kulikuwa na mtu wa nyuma anayechelewa, na ile sauti yake moja ya kuchelewa ndiyo iliyokuwa ikinimaliza mimi.

Tofauti kubwa ndiyo hiyo ya majina. Sisi tulikuwa tunayakusanya mlangoni watu wakiingia, kila mmoja na jina la aliyempoteza. Mimi na meza yangu na daftari, "Una jina la kuitiwa leo?" Ya Misikhu yakaimbwa Misikhu, ya Kapsokwony yakaimbwa Kapsokwony, na yakishaimbwa yameimbwa. Filamu haiwezi kuuliza watu majina. Ikabidi wachague machache, na hayo hayo yataitwa kila inapoonyeshwa. Ni majina ya kubuni tu, usijali.

Watu walikutazama kwa sababu wanajua wewe ndiye Mama wa kwanza. Naye Dinah, filamu zinaliza watu. Usilifikirie sana.

Kunywa dawa.

Wako,
Wangu (Mama Nduta)

---

Misikhu
17 Machi 2025

Mama Nduta,

Umenidanganya, au na wewe ulilala wakati wa ule wimbo.

Jana Hesbon, shemeji yangu, alikuja na wazee watatu. Walikaa sebuleni wakasema na kusema, nami nawaangalia tu kama samaki ndani ya ndoo. Mwishowe Hesbon akachukua daftari la jikoni, akaandika kwa herufi kubwa: FILAMU IMEMWITA WABWILE WA MISIKHU. JINA LA MWISHO. KISHA MLANGO UKAFUNGWA.

Nikamtazama Dinah. Akainamisha kichwa.

Unajua yote lakini nitayasema, maana nimechoka kuyameza. Wabwile alipanda Kapsokwony Februari 2008 kununua vitunguu. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na Dinah alikuwa amekaa kwangu miezi minane. Mlimani kulikuwa kumechafuka, watu wanauawa, nikamwambia asiende, akasema Mama si narudi kesho. Hakurudi. Nilikwenda kila mahali mtu anapokwenda. Mwaka 2010 nikatunga ule mchezo na wewe, nikaita majina ya watoto wa watu mara thelathini na moja, na hata siku moja sikuita la wangu. Uliniuliza mara moja tu. Nilikwambia kwamba anayeitwa kwenye ule wimbo ni maiti, na mimi sina maiti.

Sasa wazee wanasema limeshatangazwa, kaunti nzima imesikia. Desturi yetu unaijua: mtu aliyekufa na mwili haujaonekana, tunachukua shina la mgomba, tunalivisha nguo zake na tunalizika. Wamepanga Jumamosi tarehe tano Aprili. Hesbon ameshauchagua mgomba wenyewe, ule ulio nyuma ya bafu.

Mama Nduta, mimi sizuii mazishi kwa ukaidi. Nataka kujua kitu kimoja. Jina hilo lilitoka wapi? Kama ni Ngige alilipenda tu masikioni, basi halina maana, na sitazika mgomba kwa sababu ya mtu wa sinema. Lakini kama kuna mtu alilitoa akijua, mtu aliyeona kwa macho, basi huyo anajua na mahali. Nikijua mahali, nitazika mwanangu, sitazika ndizi.

Niulizie.

Nelima

---

Kitale
22 Machi 2025

Mpendwa Nelima,

Pole sana. Samahani kwa kusema ni majina ya kubuni, nilitaka kukupunguzia.

Nimezungumza na Ngige. Anasema hakumbuki vizuri. Nilimkopesha daftari la majina, hilo ni kweli, lakini hadithi yako inajulikana huku pia na huenda aliisikia kwa watu. Vijana hawa wakiona kitu kinaliza wanakiweka.

Ushauri wangu kama rafiki: waache wazike. Miaka kumi na saba ni mingi. Dinah naye ana thelathini na nane sasa. Moyo ukipata kaburi, hata la mgomba, unatulia.

Nina mafua, siandiki zaidi.

Wangu

---

Misikhu
27 Machi 2025

Wangu,

Mbona una haraka ya kuzika mtoto ambaye si wako?

Sikungoja majibu yako. Nilimwambia Dinah amtumie Ngige ujumbe. Alijibu siku hiyo hiyo, na nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Shosh pole sana, sikujua ni wako. Hiyo jina nilitoa kwa daftari ya auntie. Kulikuwa na page imekunjwa mara nne, imefichwa kwa kava. Ilikuwa na hiyo jina peke yake, nikaona iko na uzito bana. Si nilidhani mnajua?"

Na akatuma picha ya ukurasa.

Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na nne, Wangu. Naujua mwandiko wa kila mtu niliyekaa naye. Hiyo W yenye mkia ni yako. Juu umeandika Kapsokwony, 14 Agosti 2010. Chini ya jina kuna mstari mwingine, lakini mkunjo umepita juu yake na picha haionyeshi.

Siku ile ya Kapsokwony nilikuwa nyuma ya mlango, nimefunga leso, nangoja uniletee majina. Uliniletea karatasi yenye majina kumi na tisa. Nikayaita yote kumi na tisa.

La ishirini alilitoa nani? Na huo mstari wa chini unasema nini?

Mazishi ni Jumamosi tarehe tano. Hii barua inakuja na gari la asubuhi. Usiniambie una mafua.

Nelima

---

Kitale
30 Machi 2025

Nelima,

Mstari wa chini unasema: "Kwa Chelagat, kona ya chini ya shamba, karibu na mto."

Nimeuanza na huo ili hata ukiitupa barua hii uwe umeusoma.

Alikuja mwanamume wa makamo, kofia mkononi, wa mwisho kabla sijafunga meza. Sikuuliza jina lake na sikumwona tena. Alisema, "Andika Wabwile. Ile kijana ya Misikhu ya vitunguu. Walisimamishwa kwa barabara. Sisi tulimpata asubuhi, mimi na Chelagat, tukamfunika na mchanga kwa shamba yake. Andika pahali pia, wenyewe wakikuja wapate." Akaongeza kwamba mifukoni mlikuwa na kitambulisho na picha ya msichana mwenye gauni la njano. Nelima, gauni la njano la Dinah nalijua. Hakukuwa na nafasi ya kukosea.

Niliandika. Kisha nikasikia Kibe akijaribu nyuzi, na wewe nyuma ya mlango ukisafisha koo. Nikajiambia nitakupa baadaye, si sasa, utaanguka mbele ya watu. Nikaikunja. Hilo la siku ile Mungu anaweza kunisamehe.

Lakini baadaye haikufika. Tulipotoka pale watu walitushika mikono, mmoja akakubusu viganja, na kwenye pikapu ulisema hujawahi kuimba vile. Nami nikajua kwamba nikikupa ile karatasi hutaimba tena. Ungekuwa na kaburi, na mwenye kaburi hasimami mlangoni. Mchezo ungekufa. Sikuwa na kingine, Nelima. Mume wangu alikuwa hanisemeshi, Nduta ameolewa mbali, na mimi kwenye ile meza nilikuwa mtu. Watu walipanga foleni kuniambia majina. Basi nikakuacha uendelee kuimba. Maonyesho ishirini na sita mengine uliyafanya karatasi ikiwa kwenye kava la daftari, hatua kumi kutoka kwako.

Na kuna baya zaidi. Mwaka 2013 nilikwenda. Niliwaambia wa nyumbani naenda matanga, nikapanda Kapsokwony peke yangu. Chelagat alinipa chai. Alinionyesha pale mahali, kona iliyozungushiwa mawe, hailimwi. Akasema, "Ambia wenyewe wakuje. Mimi nimezeeka, na hawa watoto yangu hawajui kitu." Nikamwahidi. Nikarudi Kitale, nikanyamaza miaka kumi na miwili.

Ngige alipoomba daftari nilisahau kava. Au labda sikusahau, siku hizi sijiamini. Nilipoiona filamu mara ya kwanza na yule binti akaita jina lake, nilikojoa kidogo kwenye kiti, mwanamke wa miaka sitini na tisa. Na bado nikakuandikia habari za vinanda.

Nenda Kapsokwony kabla ya Jumamosi. Usizike mgomba. Sikuombi msamaha kwa sababu sijui ungeuweka wapi.

Wangu

---

Misikhu, Bungoma
14 Aprili 2025

Kwa Mama Nduta,

Ni mimi Dinah. Mama hataandika. Ameniambia nikuandikie mimi kwa sababu yangu ni mengi kuliko yake.

Barua yako ilifika Jumatano. Alhamisi tulipanda Kapsokwony, mimi, Mama na mzee Hesbon, na chifu wa huko akatusindikiza. Chelagat alikufa mwaka 2022. Watoto wake waliliuza shamba. Mwenye kununua ni mtu mzuri, alitukaribisha, lakini hakuwa ameambiwa kitu. Yale mawe aliyatoa akajengea choo. Kona yote ya chini ni viazi mpaka mtoni, imelimwa na trekta mara nyingi. Waliokuwa wakijua mahali penyewe hawapo, na hata wewe usingepatambua bila mawe. Chifu alisema tukitaka kuchimba kuna barua za serikali, na hata zikipatikana tutachimba wapi, ni ekari nzima. Mama alitembea mistari yote ya viazi, mmoja baada ya mwingine, akiangalia chini, mpaka jua likashuka na mzee Hesbon akamshika mkono.

Tulichota udongo kwenye mfuko wa sukari. Jumamosi tukauweka pamoja na mgomba, tukavisha shati lake la kaki na suruali ya harusi, tukazika. Watu walikuwa wengi. Mwenye kuhubiri alisema sasa tumepata amani. Mimi sikuipata, lakini nilikuwa na kazi ya kupakua chakula.

Kuna jambo Mama ameniagiza nikuambie, nami nimeona ni haki ulijue. Siku ile Kapsokwony alichungulia kwenye ufa wa mlango akakuona ukikunja karatasi na kuiingiza kwenye kava. Aliona ulivyomtazama. Aliniandikia haya kwenye daftari la jikoni, kurasa tatu, baada ya watu kuondoka matangani. Anasema alijua ni ya Wabwile tangu pale, na hakuuliza kwa sababu hakutaka kujibiwa. Kwa hiyo anasema huna deni kwake. Mlibeba pamoja, wewe ukaficha na yeye akakubali kufichwa.

Mimi je?

Nilikuwa na miaka ishirini na moja alipopotea. Mwalimu mmoja wa Webuye, Hillary, alikuja kwa wazazi wangu mwaka 2012. Mtu mpole. Nilimwambia mimi ni mke wa mtu. Alingoja miaka miwili, akaoa. Ana watoto wanne, nawaona sokoni. Mama aliniambia siku hizo, "Umefanya vizuri, mume wako atakuta nyumba." Alikuwa ameshaiona ile karatasi ikikunjwa.

Sikuandikii kukutukana. Nakuandikia kwa sababu ya zile barua zenu, maana Mama amenipa nizisome zote. Nimeona mnavyolinganisha. Wewe unasema sauti ya Mama ilikuwa na pumzi, yeye analalamika mlango umefungwa. Mnabishana kama mchezo ndio uliokuwa mzuri au filamu.

Mama Nduta, mimi mchezo wenu sikuuona hata mara moja. Thelathini na moja, hata mmoja. Mlipokuwa mnapanda pikapu mimi nilikuwa nabaki, kwa sababu ilibidi mtu awe nyumbani Wabwile akirudi. Mlango wa jiko mliubeba nyinyi. Nikaweka gunia pale, nikakaa.

Filamu ndiyo nimeiona. Nyusi ni mbaya, ndiyo, na vinanda ni vingi. Lakini katika watu wote, ile filamu peke yake ndiyo iliyoniambia mume wangu amekufa.

Ngige ameirudisha karatasi. Nimeiweka mimi. Daftari baki nalo.

Dinah